Kununua Chakula Mercat Central, Valencia: Mwongozo Kamili wa Anayeingia Mara ya Kwanza

Kila mgeni anayefikia kwangu hapa Valencia namwomba jambo moja: aende Mercat Central asubuhi, atuletee samaki wa mchana. Na karibu kila mmoja hurudi saa nane akiwa na kikombe cha plastiki chenye matunda yaliyokatwakatwa, picha tele kwenye simu, na samaki hana. Wengine hulalamika kwamba wauzaji waliwaruka kana kwamba hawawaoni. Binamu yangu mmoja, aliyekulia katika soko la Kongowea na anayejua kuchagua nyanya kuliko mimi, alirudi amenuna kwa sababu mama mmoja alimkemea "¡No tocar!", yaani usiguse, mbele ya watu.

Nimefuatana na wageni hao mara nyingi, na kosa ni lilelile. Soko hili lina kanuni tatu ambazo hutaziona zimebandikwa popote: saa ya kufika, namna ya kushika zamu, na mikono kukaa mbali na bidhaa. Mwenyeji amezaliwa akazikuta, kwa hiyo hakumbuki kumweleza mgeni. Ukizijua hapa, zitakusaidia pia La Boqueria ya Barcelona, Maravillas ya Madrid au Atarazanas ya Málaga. Saa za kufungua hutofautiana, lakini mwenendo ni mmoja.

## Vitu vya kubeba

- Kikapu au mfuko mgumu wa kwako. Mifuko ya vibandani ni myepesi, na nyanya zitapondeka chini ya viazi. Wenyeji wengi huvuta kitoroli chenye magurudumu mawili.
- Mfuko wa kuhifadhi baridi, kama utanunua samaki au nyama kati ya Mei na Oktoba.
- Noti ndogo na sarafu. Kadi zinapokelewa kwingi, lakini kumpa mtu noti ya euro 50 kwa fungu la kotimiri la kizungu ni kumkwamisha. Kwa chakula cha mchana cha watu wawili, mimi sipiti euro 30.
- Orodha iliyoandikwa kwa gramu. Usiandike "jibini", andika "jibini, gramu 250". Sababu utaiona hatua ya tano.
- Viatu visivyoteleza. Upande wa samaki sakafu huwa na maji.
- Nafasi tumboni. Usinywe chai nzito kabla ya kutoka.

Sanduku la safari liache ulikolala. Njia kati ya vibanda ni nyembamba, na sanduku moja huziba watu kumi.

### Matamshi ya dakika tano

Mswahili ana bahati kwa Kihispania. Irabu ni zetu zilezile tano. Herufi z, na c ikifuatwa na e au i, hutamkwa kama th ya "thelathini": *gracias* ni "grathias". J ni kh ya "kheri": *jamón*, paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, ni "khamon". Ll ni y. H haisomwi kabisa, kwa hiyo *hola* ni "ola". Na maneno kadhaa ya sokoni utayatambua bila kufundishwa, maana Kihispania nacho kiliokota mengi kwa Waarabu: *azúcar* ni sukari, *azafrán* ni zafarani, *limón* ni limau.

## Hatua ya 1: Chagua siku na saa

Soko hufunguliwa Jumatatu hadi Jumamosi, saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:00 alasiri. Kwa saa za Kizungu ni 7:30 hadi 15:00. Jumapili limefungwa, na sikukuu pia.

Nenda Jumanne hadi Ijumaa, na uwe umeingia kabla ya saa nne asubuhi. Jumatatu iepuke kama unataka samaki: boti nyingi hazitoki wikiendi, kwa hiyo vibanda vingi vya samaki hufungwa, na vilivyo wazi huwa na mabaki ya Jumamosi au samaki wa kufugwa. Jumamosi kila kitu kipo, ila familia nzima za Valencia zipo vilevile.

Kuanzia saa tano na nusu makundi ya watalii huingia. Muuzaji aliyekuwa na subira nawe saa tatu asubuhi hana nafasi hiyo saa sita. Kuanzia saa nane wengine wanaanza kuosha meza.

Tahadhari ya Machi: wakati wa sikukuu ya Fallas, inayofikia kilele tarehe 19, fataki za mchana hulipuliwa saa nane uwanja wa halmashauri ya jiji, na mitaa inayoelekea huko hujaa kuanzia saa sita. Ukichelewa kutoka sokoni na samaki mkononi, utakwama naye.

Soko liko mkabala na La Lonja de la Seda, jengo la kale la biashara ya hariri. Ukitoka kituo cha treni cha Estació del Nord au cha metro cha Xàtiva, ni mwendo wa miguu wa kama dakika kumi.

Umefaulu ukiona: wanunuzi wengi walio karibu nawe ni wazee wenye vitoroli, na hakuna anayeongoza kundi kwa bendera.

## Hatua ya 2: Zunguka mara moja bila kununua

Usinunue kwenye kibanda cha kwanza. Tembea robo saa, mikono nyuma ukiweza.

Jengo lina ukubwa wa zaidi ya mita za mraba 8,000. Wageni hupotea kwa sababu wanatazama vibanda badala ya kutazama juu. Kuba kubwa iko katikati, na vibanda vya mboga, nyama na jibini vimepangwa kwa njia zilizonyooka kuizunguka. Samaki wana eneo lao, nalo utalijua kwa baridi, harufu ya bahari na sauti ya maji kabla hujaliona.

Vibanda vilivyo karibu na milango mikuu ndivyo vinavyouza vikombe vya matunda na karatasi zilizokunjwa zenye vipande vya jamón. Sivikatazi, lakini hapo unalipia kukatiwa. Nenda ndani zaidi. Angalia mahali bibi wa Kivalencia wanasimama kusubiri, hata kama kibanda cha jirani hakina mtu. Bibi hapotezi asubuhi yake bure.

Vibanda vina namba. Andika namba mbili au tatu zilizokuvutia.

Umefaulu ukiona: unajua samaki wako upande gani, na umelinganisha bei ya nyanya mahali pasipopungua patatu.

## Hatua ya 3: Soma kibao cha bei kabla ya kufungua mdomo

Hapa hakuna kupatana bei. Tunaotoka kwenye masoko ya "punguza basi, mama" hili hutusumbua, lakini bei iliyoandikwa ndiyo bei, na kuomba upunguziwe humwaibisha muuzaji.

Kinachotakiwa ni kusoma vizuri:

- Mkato ni nukta. 2,95 ni euro mbili na senti 95.
- *€/kg* ni kwa kilo. *Ud.* ni kwa kimoja. *Manojo* ni kwa fungu. *Docena* ni kwa dazeni.
- Tahadhari kubwa: jamón, jibini za bei na samaki waliokaushwa mara nyingine huandikwa bei ya gramu 100. Mgeni anaona 8,00, anadhani ni ya kilo, anaagiza nusu kilo, analipa euro 40. Tafuta maandishi madogo *100 g* kila bei inapokuonea huruma kupita kiasi.

Kibao cha matunda huonyesha pia yanakotoka. Kipindi cha machungwa, kuanzia Novemba hadi majira ya kuchipua, hutakuwa na sababu ya kununua chungwa lililotoka ng'ambo ukiwa Valencia. Oktoba hadi Desemba tafuta *kaki* la Ribera del Xúquer, tunda la rangi ya machungwa ambalo likiiva ni tamu kama asali. Aprili na Mei ni *níspero*, tunda dogo la manjano lenye kokwa kubwa, Mei na Juni ni *cereza*, yaani cheri.

## Hatua ya 4: Shika zamu

Hii ndiyo hatua inayowaangusha wengi. Isome mara mbili.

Mbele ya kibanda huoni mstari. Unaona watu sita wamesimama ovyo, mmoja yuko kwenye simu, mwingine anapiga soga hatua tano kando. Mgeni huamua kwamba hakuna foleni, anasogea mbele, anasubiri aangaliwe. Haangaliwi. Foleni ipo, ila imo vichwani mwa watu.

Fanya hivi. Ukifika, uliza kwa sauti ya kusikika:

*¿Quién es el último?* Nani wa mwisho?

Mtu mmoja atasema "Yo", yaani mimi, au atainua kidole. Mtazame: shali yake, kikapu chake. Zamu yako ni baada ya huyo. Sasa unaweza kusimama popote, hata ukasogea kutazama kibanda cha pili, mradi humpotezi machoni.

Kazi yako haijaisha. Kuanzia hapo wewe ndiye wa mwisho, na atakayekuja atauliza swali lilelile. Unatakiwa umjibu "Yo". Usipojibu umekata mnyororo: yeye atajiunga kwa mtu aliye mbele yako, na ikifika zamu yenu mtagombana. Nimeona wageni wengi wakipoteza nafasi hapa hapa. Waliuliza vizuri, kisha wakanyamaza walipoulizwa kwa sababu hawakujua kwamba wanasemeshwa wao.

Wazee wengine huuliza *¿Quién da la vez?* Ni swali hilohilo. Ukisikia *Qui és l'últim?* hicho ni Kivalencia, lugha ya hapa, na jibu linaloeleweka ni lilelile.

Vibanda vingine, hasa vya samaki na nyama vyenye wateja wengi, vina mashine ndogo ya kutoa karatasi yenye namba, na ubao ulioandikwa *Su turno*, zamu yako. Ukiiona, chukua karatasi kwanza, maswali baadaye. Kusubiri dakika ishirini bila karatasi ni kusubiri bure.

Muuzaji akiuliza *¿A quién le toca?* anataka kujua ni zamu ya nani. Kama ni yako sema *A mí*. Mtu akikupita, sema kwa utulivu *Perdone, me toca a mí*. Huhitaji kupandisha sauti. Aliyekuwa mbele yako na aliye nyuma yako wote wanajua ukweli, na watakutetea.

Umefaulu ukiona: mtu usiyemjua amekuuliza swali, umemjibu "Yo", naye ameridhika.

## Hatua ya 5: Anza na matunda na mboga, bila kugusa

Anza na mboga kwa sababu mbili. Maneno yake ni mepesi, na hata ukikosea, hasara ni senti chache.

Salamu kwanza: *Buenos días*. Muuzaji wa hapa, kama wa kwetu, hapendi kuamrishwa na mtu asiyemsalimu. Kisha: *Póngame medio kilo de tomates, por favor*. Niwekee nusu kilo ya nyanya, tafadhali.

Usiguse, usibonyeze, usinuse kwa karibu. Tunda lililobonyezwa na watu thelathini ni hasara yake, na ile minara ya nyanya aliipanga kwa mkono tangu alfajiri. Hapa mdomo ndio unaofanya kazi ya vidole. Mwambie utakula lini:

- *Para hoy*, ya leo.
- *Para mañana*, ya kesho.
- *Para el viernes*, ya Ijumaa.

Kwa parachichi, tikiti na kaki, maneno haya mawili au matatu yana thamani kuliko kubonyeza kwako. Atakuchagulia moja moja, na mara nyingi atachagua vizuri kuliko wewe, kwa kuwa anataka urudi. Kwa nyanya ongeza matumizi: *para ensalada* ni ya kachumbari, *para rallar* ni ya kukwaruza juu ya mkate, *para freír* ni ya kupikia.

Vipimo vya kukariri:

- *Cien gramos*, gramu 100
- *Un cuarto*, gramu 250
- *Cuarto y mitad*, gramu 375. Ni robo na nusu ya robo. Wenyeji hulitumia sana kwa nyama na jibini, na mgeni akilisema muuzaji huinua kichwa kumtazama.
- *Medio*, nusu kilo
- *Tres cuartos*, gramu 750

Angalizo kwa watu wa ndizi: *plátano* ni ndizi ya kuiva, na inayosifiwa ni ya visiwa vya Canarias, ndogo, yenye madoa meusi ambayo si ubovu. Inayoitwa *banana* ni ile kubwa iliyosafirishwa kutoka mbali. Ya kupika ni *plátano macho*. Muhogo ni *yuca*, kiazi kitamu ni *boniato*.

Muuzaji atakuuliza *¿Algo más?* Kuna kingine? Ukimaliza sema *Nada más, gracias. ¿Me cobra?* Basi, asante. Nilipe? Na akikuita *guapa*, *cariño* au *reina*, usitahayari. Ni mazoea ya sokoni, kama mchuuzi wa kwetu anavyokuita dada au mpenzi wangu.

Picha piga baada ya kununua, na umwombe kwanza: *¿Puedo hacer una foto?*

Umefaulu ukiona: umeulizwa "ya leo au ya kesho?" na ukajibu.

## Hatua ya 6: Vitu vikavu na vya chumvi

Nunua hivi sasa, kwa kuwa haviharibiki kikapuni.

Mchele. Tafuta maandishi *D.O. Arroz de Valencia*. Aina ya *bomba* ni ghali lakini humsamehe mpishi, maana haipasuki upesi maji yakizidi. Usiuchukue ukitarajia pilau. Punje ni fupi na nene, ya kunyonya mchuzi.

Zafarani. Nunua nyuzi, kwa gramu, yenye muhuri wa *La Mancha* ukiweza. Karibu yake utaona vikopo au paketi za unga wa manjano kwa bei ndogo sana, zimeandikwa *colorante*. Hiyo ni rangi ya chakula. Haina harufu wala ladha ya zafarani, na wageni wengi huipeleka nyumbani kama zawadi bila kujua.

Pimentón. Unga wa pilipili. Wa *La Vera* umekaushwa kwa moshi wa kuni. *Dulce* hauwashi, *picante* unawasha.

Maharage ya paella. Kama utapika paella ya Kivalencia, wali unaopikwa kwenye kikaango kipana, utahitaji *garrofó*, maharage mapana meupe. Mtu wa pwani atayatambua: ni fiwi. Pamoja nayo nunua *ferraura*, maharage mabichi mapana ya kijani. Nyama yake ni kuku na sungura. Paella ya asili ya hapa haina samaki, na ukimwambia muuzaji unatia kamba katika *paella valenciana* atakurekebisha papo hapo.

Bacalao na mojama. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko penginepo, kwa kuwa ni harufu ya ng'onda, na ng'onda kwangu ni nyumbani. *Mojama* ni mnofu wa jodari uliotiwa chumvi na kukaushwa. Nunua gramu 100 umekatwa mwembamba, utiririshie mafuta ya zeituni, basi. *Bacalao*, samaki aina ya cod, akiwa na chumvi lazima alowekwe siku moja hadi mbili ndani ya friji, na maji yabadilishwe kila baada ya saa nane hivi. Ukipika siku hiyohiyo, sema *desalado*, aliyekwisha kulowekwa. Mgeni wangu mmoja alimkaanga vile vile alivyotoka kibandani, na sufuria nzima ikamwagwa.

## Hatua ya 7: Nyama, na suala la nguruwe

Kwa Mwislamu, hapa ndipo pa kuwa macho. Nguruwe yumo hata usipomdhania.

Maneno ya kuyatambua: *cerdo* (nguruwe), *jamón*, *lomo*, *panceta*, *tocino*, *chorizo*, *longaniza*, *morcilla* (hii ina damu), na hasa *manteca*. Hiyo ya mwisho ni mafuta ya nguruwe, nayo huingia kwenye vitu vitamu kama *mantecados* na *ensaimada*. Swali la kuuliza kila mahali: *¿Lleva cerdo o manteca?* Ina nguruwe au mafuta yake?

Kuku na ng'ombe wa vibanda vya kawaida si wa kuchinjwa kwa halali. Tafuta bucha lililoandikwa *carnicería halal*. Mitaa ya Valencia inayo, na humo wengi wanaouza ni Wamoroko au Wapakistani. Mercat Central mchukulie samaki, mboga, matunda na vikavu, na hutajiona umekosa kitu.

Kwa anayekula jamón: aina ya *ibérico* hufungwa kitepe cha rangi mguuni. Cheusi ni nguruwe wa asili kamili aliyelishwa mbegu za mwaloni, chekundu ni chotara wa chakula hichohicho, kijani na cheupe ni wa malisho mengine. Muombe gramu 100, *cortado fino*, iliyokatwa nyembamba. Muuzaji asipokuonyesha kitepe, uliza.

Usipite bila kuona vibanda vya *casquería*. Ini ni *hígado*, ulimi ni *lengua*, figo ni *riñones*, na matumbo ni *callos*, huuzwa yakiwa yameoshwa meupe. Wageni wa Ulaya huvipita wakiziba pua. Watu wa kwetu huvifurahia.

## Hatua ya 8: Kula kabla ya samaki

Pumzika sasa, kabla ya kununua kitu ambacho hakiwezi kungoja.

Saa nne hadi tano ni wakati wa *esmorzaret*, kifungua kinywa cha pili cha Wavalencia: mkate mrefu uliojazwa, zeituni, karanga za maganda na kinywaji. Kinachofuata huwa *cremaet*, kahawa yenye ramu iliyochomwa. Asiyetumia pombe aombe *café solo*. Ndani ya soko kuna Central Bar ya mpishi Ricard Camarena, na huko nako kuna foleni.

Kama hutaki kukaa, kunywa *horchata*. Ni maji meupe baridi ya *chufa*, vijiazi vidogo vya mmea ambao ni ndugu wa ndago, yaani yale magugu tunayoyalaani shambani. Hayana maziwa wala pombe.

## Hatua ya 9: Samaki, mwisho kabisa

Samaki hununuliwa mwisho ili akae nje ya barafu muda mfupi. Ukiwa na hamu ya samaki fulani adimu, mnunue mapema na uombe *¿Me lo guarda un rato?* Wengi watakuhifadhia kwenye barafu.

### Soma kibao

Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka kibao cha samaki kiseme jina lake, namna alivyopatikana na alikotoka. Tazama haya:

- *Capturado* au *pescado* pamoja na jina la bahari: amevuliwa. *De cría* au *acuicultura*: amefugwa. *Dorada* na *lubina* wengi ni wa kufugwa. Si wabaya, ila wasiuzwe kwa bei ya wa bahari.
- *Descongelado*: aligandishwa, akayeyushwa. Usimgandishe tena nyumbani.
- Namba ya FAO, inayotaja eneo la bahari alikovuliwa. 37 ni Mediterania. 27 ni Atlantiki ya kaskazini mashariki. 51 ni magharibi ya Bahari ya Hindi. Jodari mwenye namba hiyo amevuliwa kwenye maji ya upande wetu.

Ukiona minofu iliyoandikwa *perca del Nilo*, huyo ni sangara. Ametoka Afrika na kufika hapa kama mnofu usio na ngozi. Usikubali auzwe kwako kwa jina la *mero*, ambaye ni chewa na bei yake iko mbali kabisa.

### Mtazame

Huruhusiwi kumgusa, lakini unaweza kuomba uonyeshwe matamvua: *¿Me enseña las agallas?* Yawe mekundu. Macho yawe yamejaa na kung'aa. Akiwa mzima, mwili uwe umekakamaa akishikwa kichwa, usining'inie kama kitambaa.

Majina ya kuanzia: *sardina* na *boquerón* kwa walaji wa dagaa, *merluza* kwa mchuzi, *sepia* ni dome, *calamar* ni ngisi, *pulpo* ni pweza, *gamba* ni kamba. Mei hadi Agosti omba *clóchina*, kome wadogo wa Valencia. Wenyeji husema huliwa katika miezi isiyo na herufi r, nao hujivunia kome hawa kuliko kitu chochote cha bahari yao.

### Agiza asafishwe

Huduma hii imo ndani ya bei, na wageni hawaiombi. Sema *¿Me lo limpia, por favor?* Atampara magamba na kumtoa matumbo. Kisha sema unampikaje: *para la plancha* (kikaango), *para el horno* (tanuri), *en rodajas* (vipande vya mviringo), *en filetes* (minofu).

Tahadhari: samaki hupimwa kabla ya kusafishwa. Kichwa na miiba umeshavilipia. Usipovitaja vitatupwa. Sema *La cabeza y las espinas también, para caldo*. Supu ya kichwa cha *merluza* au *rape* haina deni na ile ya changu.

Tahadhari nyingine: usile *boquerón* mbichi aliyelowekwa kwa siki uliyemtengeneza mwenyewe siku hiyohiyo. Kuna mnyoo anayeitwa *anisakis*, na siki haimwui. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Uhispania inashauri agandishwe nyumbani kwa siku 5 katika baridi ya nyuzi -20 kwanza. Kumpika hadi ndani kunatosha.

Mwisho omba *Un poco de hielo, por favor*. Atakutilia barafu mfukoni.

Umefaulu ukiona: una mfuko mmoja wa samaki safi na mwingine wa kichwa.

## Hatua ya 10: Toka

Samaki juu ya barafu, mboga laini juu, mchele chini. Nenda moja kwa moja kwenye friji. La Lonja iliyo ng'ambo ya barabara inastahili saa nzima, lakini si ukiwa na dagaa begani mwezi wa Julai.

Kama unasafiri na ununuzi, mafuta ya zeituni na vyote vya majimaji viingie kwenye mzigo mkubwa. Wanaorudi Uingereza wajue kwamba tangu Aprili 2025 hairuhusiwi kuingia na nyama wala jibini kutoka nchi za Umoja wa Ulaya kwa matumizi binafsi, hata ikiwa imefungwa dukani. Zafarani, pimentón na mchele ndizo zawadi zisizo na usumbufu.

Kabla ya kulala, andika namba za vibanda vilivyokuhudumia vizuri na jina la ulichonunua. Ukirudi kesho kutwa, nenda hapo hapo na umwambie alivyokuwa samaki wake: *El pescado, muy bueno*. Binamu yangu alifanya hivyo kwa yuleyule mama wa nyanya, siku ya tatu, mikono ameifunga mgongoni. Mama akamkatia kipande cha tikiti kwa kisu, akamnyooshea juu ya meza aonje.